Kuangalia kamera za boti laivu kwenye tableti: maswali ninayoulizwa kila siku

Nafunga kamera kwenye maboti, nyingi faiba za utalii na za uvuvi, Unguja na Dar, mara mojamoja Tanga. Maswali ni yaleyale mpaka nimeanza kuyajibu usingizini, kwahiyo nimeyaandika hapa, na ukinipigia kwanza nitakuuliza kama umesoma.

Fundi, lazima niwe na intaneti ndo nione kamera?

Hapana. Na ukilielewa hili moja nusu ya maswali yaliyobaki yanajijibu yenyewe. Kama wewe uko ndani ya boti na kamera iko ndani ya boti, picha haina haja ya kwenda popote, inatoka kwenye kamera inaingia kwenye rauta ndogo iliyo pale chini ya usukani, inatoka kwa waifai inaingia kwenye tableti, basi, safari ya mita nane. Hata uwe katikati ya mkondo wa Pemba hakuna mnara hakuna nini, injini yako unaiona.

Tatizo ni apu zinazokuja na kamera za bei nafuu, nyingi zimetengenezwa ili picha ipitie kwanza kwenye seva ya kampuni ughaibuni huko ndo irudi kwako. Nahodha mmoja wa Nungwi aliwahi kunirudishia kamera mbili kwenye mfuko wa rambo akaniambia "fundi kamera zako zinaogopa bahari", gatini zinafanya kazi vizuri, akipita Mnemba tu apu inamwambia kifaa hakipo hewani, na kifaa chenyewe kiko mita tatu kutoka alipokaa. Kamera hazikuwa na kosa, apu ilikuwa inatafuta intaneti.

Kwahiyo kabla hujanunua chochote jiulize unataka nini: kuona ukiwa ndani ya boti, au kuona boti ukiwa nyumbani. Ni kazi mbili tofauti na bei mbili tofauti.

Sasa bila ile apu nitaionaje?

Dukani uliza maneno mawili tu, RTSP na ONVIF, ni lugha za kamera kuongea na programu nyingine bila apu yake. Muuzaji akikukodolea macho angalia kwenye boksi. Kamera yenye RTSP unaweza kuifungua kwa programu yoyote ya kucheza video za netiweki, mimi naweka VLC kwa sababu ni ya bure na ipo kwa Android na iPad. Kwa kamera za kampuni ya Hikvision anwani inakaa hivi:

rtsp://admin:paswediyako@192.168.1.64:554/Streaming/Channels/102

Ile 102 mwishoni ni picha ndogo ya kamera ya kwanza, ukiandika 101 unapata picha kubwa. Dahua wao mwishoni wanatumia /cam/realmonitor?channel=1&subtype=1. Hiyo 192.168.1.64 badilisha uweke namba ya kamera yako, na uifunge kamera ibaki na namba hiyohiyo siku zote, la sivyo siku umeme ukikatika inaamka na namba nyingine unaanza kunipigia. Kingine, kama paswedi yako ina alama ya @ ndani VLC inachanganyikiwa, inadhani paswedi imeishia hapo, kwenye anwani andika %40 badala yake. Nilipoteza jioni nzima Kizimkazi kwa hili.

Kamera zile za kuchaji za betri nyingi hazina RTSP kabisa, kwahiyo kwa kazi hii usinunue.

Picha inachelewa, naona kitu kilichoshapita

VLC kwa kawaida inaweka akiba ya sekunde moja kabla haijaonyesha, yaani milisekunde 1000. Ingia setingi tafuta akiba ya netiweki weka 300. Ukishuka chini sana picha inaanza kukatikakatika. Kama unategemea kamera ya nyuma kuingia gatini hata nusu sekunde ni nyingi, weka mtu tezini akupigie kelele kama zamani.

Naunga waifai ya boti, tableti inasema haina intaneti alafu inahama yenyewe

Hiyo ni Android inajifanya inakusaidia. Inaona waifai haina intaneti inarukia data za laini, kamera zinapotea. Ujumbe ukitokea kubali ibaki kwenye hiyo waifai na uweke tiki isikuulize tena, au njia ya kienyeji zaidi, zima data. Tableti ya boti mimi siiwekei laini kabisa.

Inagandaganda hasa nikiweka kamera nne pamoja

Hapa kuna sababu kama nne hivi na mara nyingi ni zote kwa pamoja. Ya kwanza unalazimisha picha kubwa nne kwenye skrini ya inchi 8, kila moja ni mfano megabiti 4 kwa sekunde, na jicho lako halitaona tofauti yoyote, tumia picha ndogo kwenye zile nne alafu ukigusa moja ndo ifunguke kubwa. Ya pili H.265, hiyo ni namna ya kubana video, kamera za sasa zinakuja zimewekwa hivyo ili zibane nafasi, tableti za zamani zinahema kuifungua, irudishe H.264 uone. Ya tatu waifai ya gatini, maana mahali kama Malindi ya Unguja pale au marina yoyote kila boti ina rauta yake na wote wamejazana kwenye masafa ya gigahezi 2.4, hamia 5 kama tableti iko karibu na rauta. Ila 5 haipendi kuta, kwahiyo boti ya chuma au alumini ukishuka chumba cha injini inakufa, faiba haina shida sana.

Ya nne ni kamera zenyewe kuwa za waifai, na hili nalijibu peke yake.

Kamera za waifai si rahisi zaidi? Hakuna kutoboatoboa

Ni rahisi kufunga, lakini umeme bado unauhitaji, kwahiyo waya utapita tu, sasa kama waya unapita si upite ule wa netiweki unaobeba umeme na picha kwa pamoja. Hiyo inaitwa PoE. Waya mmoja hadi mita 100, hakuna boti yetu ya kufikisha hapo. Boti yako ni ya volti 12 au 24 na PoE inataka kama 48, kwahiyo nunua swichi ya PoE inayopokea volti 12 moja kwa moja, usiweke inverta ya 230 alafu chaja ya ukutani juu yake, umeme mwingi unaishia kuwa joto.

Waya uwe kopa tupu. Mtaani kuna ule wa alumini uliopakwa kopa juu, ni mwepesi ukiushika, bei nusu. Duka moja liliniuzia boksi zima likaniapia ni kopa, nikafunga kwenye boti ya wazamiaji, baada ya miezi minne kamera ya mbele ikaanza kuzima saa za asubuhi tu, unyevu ukikauka inarudi. Nilipokata kichwa cha waya ndani kulikuwa na unga mweupe kama panadoli iliyosagwa, na pini mbili zimeliwa. Boti nzima nikafunga upya kwa pesa yangu. Siku hizi nakwaruza waya kwa kisu mbele ya muuzaji, ukiona mweupe chini ya ule wekundu unamwachia mali yake.

Na viungio visiachwe wazi nje hata kama boksi limeandikwa IP67, yaani haiingii vumbi wala maji, maana IP67 ni ya kamera, kile kimkia chake chenye soketi hakimo. Ingiza ndani ya boti, kama haiwezekani tumia kile kifuniko cha mpira kilichokuja na kamera, watu wengi wanakitupa na boksi.

Betri itahimili?

Piga hesabu na mimi. Kamera moja usiku taa zake zikiwaka ni kama wati 6, nne ni 24. Swichi na rauta 10. Rekoda 10. Jumla 44, gawanya kwa 12 unapata ampea 3.7, kwa masaa 24 ni kama ampea-saa (Ah) 88. Betri yako ya asidi ya Ah 100 haitakiwi kushuka chini ya nusu, kwahiyo ukiacha kila kitu kinawaka baada ya masaa 13 na ushee ushafika kwenye nusu, na asubuhi mashine haiwaki. Ndo maana nagawa mara mbili: safarini zinawaka zote kwa sababu injini inachaji, nangani inabaki kamera moja na rauta, wati 11, hiyo ni Ah 22 kwa siku, na sola ya wati 100 kwa jua letu inarudisha hiyo na chenji juu. Na iwe betri ya pembeni, sio ya kuwashia.

Nikipiga stata kamera zote zinazima zinawaka tena

Stata inavuta sana volti inashuka mpaka 9 au 10 kwa sekunde chache. Betri ya pembeni inamaliza hili, au weka kile kibadilishi cha DC kinachotoa 12 iliyotulia hata kinachoingia kikiyumba. Kuna rauta za viwandani, mfano Teltonika, zinapokea kuanzia volti 9 hadi 30, hizo hata hazishtuki.

Tangu umefunga kamera redio ya VHF haisikii vizuri

Nashukuru ukiliona mwenyewe maana wengi hawalioni, wanajua redio imezeeka. Vibadilishi vya umeme vya bei rahisi, taa za LED na hata swichi za PoE vinatoa kelele ya redio ambayo masikio hayaisikii ila antena inaisikia. Mwaka 2018 walinzi wa pwani wa Marekani walitoa tahadhari kuhusu taa za LED kuvuruga VHF na AIS (ile ya vyombo kujitambulisha kwa redio), na kwa vifaa vya kamera kanuni ni ileile. Chaneli 16 iko megahezi 156.8, na kelele ikiangukia hapo boti iliyo mbali inakuita husikii, na hujui kama hujasikia.

Jipime hivi. Zima kila kitu bakiza redio. Weka chaneli isiyo na mtu, punguza skwelchi, kile kitufe cha kunyamazisha mvumo, mpaka ule mvumo utoke, alafu pandisha kidogokidogo mpaka unyamaze, acha hapohapo. Sasa washa kamera. Mvumo ukirudi umempata mwizi. Washa kimoja kimoja ujue ni nani, mara tisa kati ya kumi kwangu imekuwa ni kibadilishi cha umeme na sio kamera. Kisogeze mbali na antena na waya wake, funga zile pete nyeusi za feraiti kwenye waya, ikishindikana kibadilishe. Mimi sikabidhi boti siku hizi bila kufanya kipimo hiki mbele ya nahodha.

Nataka nikiwa nyumbani nione boti ilipo nangani, nisiibiwe mashine

Haya, hii ndo kazi ya pili. Hapa unahitaji rauta yenye laini, antena ya nje, na bando.

Bando kwanza. Picha ndogo ya kilobiti 512 inakula kama MB 230 kwa saa, ukiiacha wazi siku nzima ni GB 5 na nusu. Picha kubwa ya megabiti 4 ni GB 1.8 kwa saa, siku nzima GB 43, hapo bora umlipe mlinzi alale botini. Kwahiyo usiangalie muda wote, seti kamera itume picha mgando mtu akipita, na wewe ndo ufungue laivu ukiwa na mashaka.

Pili, ile habari ya kufungua poti (mlango wa kuingilia kutoka nje) kwenye rauta mliyoisoma mahali haifanyi kazi kwenye laini za simu, maana mtandao unawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, huna anwani yako mwenyewe ya kugongewa hodi. Njia mbili zinafanya kazi: apu ya kamera yenyewe ile inayopita kwenye seva yao, hapa ndo mahali pake sasa, au VPN, yaani njia yako ya faragha ndani ya intaneti, kama WireGuard au Tailscale ambapo rauta ya boti ndo inakupigia wewe. Nina mteja yuko Maskati, boti iko Fumba, anafungua VLC kwa anwani ileile ya 192.168 kama vile amekaa usukani, alafu ananipigia kuniambia turubali limefunguka.

Tatu, umbali. Mnara wa mita 50 unaona baharini kama kilomita 29 kabla bahari haijajikunja. Antena yako ukiipandisha mita 4 juu ya maji unaongeza kama 8. Ukiiacha rauta chini ya kiti usilalamike kwangu. Na kabla hujachagua laini simama nangani na simu za Voda, Airtel, Yas na Halotel upime, usisikilize matangazo, ghuba moja inaweza kuwa na mtandao huu ikakosa ule kwa sababu ya kilima tu.

Na Starlink?

Hiyo ni intaneti ya setilaiti. Kenya ipo tangu Julai 2023, ndugu zetu wa Watamu na Kilifi wanaweza. Angalia tu kifurushi chako kinaruhusu chombo kinachotembea na kinafika umbali gani baharini, na ujue hata ile antena yake ndogo ya Mini inavuta wati 25 hadi 40, yaani unaongeza mzigo wa kamera nne nyingine kwenye betri.

Tableti gani ninunue?

Serikali inaviita vishikwambi, na vile vya sensa ya 2022 tulivyoviona mitaani vilikuwa vinavumilia kuliko hizi za maduka ya simu. Baharini adui namba moja ni jua. iPad imeandikwa itumike nyuzi 0 hadi 35, sasa iweke nyuma ya kioo cha mbele saa saba mchana na kasha jeusi, na inachaji juu yake, dakika ishirini inakuandikia imepata joto inataka kupumzika. Ikae kivulini, upepo uipitie nyuma, mwanga usiwe juu mwisho muda wote.

Miwani ile ya kukata mng'ao ijaribu kabla hujafunga kishikio, maana kuna skrini ukiigeuza upande mmoja inakuwa nyeusi kabisa kwa mwenye miwani. Nilifunga moja ya kusimama nikasifiwa, kesho yake nahodha kavaa miwani yake akaniambia imekufa. Nikailaza, ikafufuka.

Kidole chenye maji skrini haikielewi, inabonyeza isipoguswa. Weka kitambaa kikavu karibu, hakuna siri nyingine.

Kamera niziweke wapi?

Watu wote wanataka ya mbele, ionekane nzuri. Mimi ya kwanza naweka chumba cha injini na naielekeza ione mkanda, sehemu ya chini ya pampu ya maji, na ngama, wengine mnasema bilji. Alafu nachora mistari miwili kwenye mbavu ya ndani, mweupe chini, mwekundu juu yake kwa kiganja kimoja. Nahodha hatafsiri kitu, akiangalia tableti akaona mweupe umezama anawasha pampu, mwekundu ukizama anageuza chombo na watu wanaanza kufua maji. Chagua kamera ya kuhimili joto la nyuzi 60 na isikae juu ya egzosi.

Ya pili tezini ielekee mashine. Ya tatu sitaha. Ya mbele kama pesa imebaki.

Na zile za sumaku msizibandike karibu na dira jamani, dira inadanganya kimyakimya.

Usiku naona ukungu mweupe tu

Taa za kamera zinapiga reli au faiba nyeupe zinarudi kwenye lenzi. Sogeza kamera mbele ya reli au zima taa zake utumie taa ya sitaha. Kama sio hivyo ni chumvi, imejenga ngozi juu ya kioo. Mwagia maji baridi ya bomba kwanza, acha iyeyuke, ndo ufute. Ukifuta kavu unakwaruza kioo kwa punje za chumvi na hapo hakuna dawa.

Tableti yenyewe usiku ishushe mwanga mpaka mwisho au ifunike. Jicho linachukua kama nusu saa kuzoea giza na skrini inaliharibu kwa mara moja. Ngalawa isiyo na taa huwezi kuiona kwenye kamera, utaiona kwa macho na utasikia watu wanaongea, na kanuni ya 5 ya zile sheria za kimataifa za 1972 za kuzuia migongano inataka hivyohivyo, kuangalia na kusikiliza.

Skrini yangu ya ramani haiwezi kuonyesha hizo kamera?

Nyingi mpya za Raymarine, Garmin na Furuno zinaweza, ila sio kila kamera, angalia orodha ya modeli yako kwanza.

Mtu anaweza kuingia akaona kamera zangu?

Ukiacha paswedi ya kiwandani, ndiyo. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kilikusanya makamera na marekoda kwa kujaribu tu paswedi za kiwandani na kikaangusha tovuti kubwa Marekani. Badilisha ya kamera na ya rauta, na ya waifai usiiandike kwenye kibao cha boti, nimeiona hiyo kwa macho yangu.

Nina wageni botini, naruhusiwa kurekodi?

Tanzania kuna sheria ya kulinda taarifa binafsi ya 2022, Kenya ya 2019, na picha ya mtu ni taarifa yake. Bandika tangazo mahali mgeni anapopandia, usiweke kamera chooni wala wanapobadilishia nguo, na usirushe vipande vyao kwenye grupu la WhatsApp eti kwa sababu mtu kateleza kachekesha.

Saa nane usiku tableti imelia, naona mtu juu ya boti. Nifanyeje?

Usiogelee kumfuata peke yako. Namba ya mlinzi wa ufukweni na ya polisi ziwe zimeandikwa kwa kalamu nyuma ya kasha la tableti, maana usiku ule utasahau hata umezisevu kwa jina gani. Piga, alafu bonyeza kurekodi, na kabla hujaita kijiji kizima kuza picha umwangalie vizuri. Mteja wangu wa kwanza kuita kijiji, mwizi wake alikuwa ndege, kulastara amesimama kwenye injini kwa mguu mmoja.